Kupunguza Uzito: Tusingoje Kwaresima



Desemba ya huku kwetu tunaijua. Watoto wa Rombo, Marangu, Kilema, Kibosho na Machame wanarudi nyumbani, na kwa majuma mawili ni nyama, mtori, mbege, bia na soda kreti kwa kreti. Januari suruali haifungi. Ndipo wengi wetu, waamini na mafrateri, tunapojipa moyo: Kwaresima inakuja, nitapungua.

Kwaresima haikuwekwa kwa kazi hiyo. Sheria ya Kanisa inadai kufunga siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa walio na miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wao wa 60. Wapo wanaojiongezea, wakaruka chai na chakula cha mchana siku zote arobaini, na hilo ni jema likifanywa kwa toba. Lakini kama dawa ya kitambi halifai sana. Anayeshinda na njaa mara nyingi hula sahani mbili jioni. Kilo zinazotoka upesi juma la kwanza ni maji kwa sehemu kubwa, nazo hurudi upesi vile vile. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori karibu 7,700. Hatukuipata kwa mlo mmoja, wala haitatoka kwa juma moja. Nusu kilo kwa juma ni mwendo mzuri.

Je, kosa ni la vyakula vyetu? Hatudhani. Bibi zetu walikula kiburu na mtori, lakini walikata majani ya ng'ombe huko chini tambarare wakayapandisha kichwani hadi kihambani, na maji waliyafuata mferejini. Mtori wenye mafuta na kisusio vilikuwa hasa vya mama aliyejifungua, ili apate nguvu na maziwa. Leo bakuli lile lile linamngoja mtu anayeshuka mjini Moshi kwa bodaboda, anakaa dukani au ofisini mchana kutwa, kisha anapanda tena kwa bodaboda. Sahani imebaki ilivyokuwa, miguu ndiyo imestaafu.

Tuanze basi na sahani. Nusu yake iwe mboga: mnafu, mchicha, kabichi, chochote kilichopo bustanini. Robo iwe maharage, dagaa au nyama. Robo inayobaki ni ya ugali, wali au ndizi, kwa maana ndizi za kupika ni wanga kama ugali, si mboga. Katika bwalo la seminari mambo huwa kinyume: ugali umesimama kama Kibo na mboga kijiko kimoja pembeni. Hata pale ambapo hatuchagui kinachopikwa, kiasi tunachopakua ni chetu.

Vinywaji ndivyo vinavyotupiga bila sisi kujua. Soda ya kawaida ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 35, yaani vijiko vidogo 8 au 9, na kuichoma inahitaji kutembea kwa nusu saa au zaidi. Anayekunywa chai vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, ameshafika vijiko 12 kabla hajagusa soda. Mbege nayo, kwa kuwa imetoka kwenye ndizi na ulezi, wazee wetu huiita chakula. Ni kweli, na ndiyo sababu lazima ihesabiwe.

Kuhusu mwendo, Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa juma za mwendo wa wastani, na siku mbili za kazi ya misuli. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Jembe kwenye shamba la seminari linatosha kabisa kwa misuli. Na sisi tumepewa milima: nusu saa ya kupanda kuelekea Uru au Kibosho ni zoezi kubwa kuliko nusu saa ya barabara tambarare. Ila mwenye uzito mkubwa ajihadhari na kushuka, kwa kuwa ndiko kunakoumiza magoti. Apande kwa miguu, na magoti yakilalamika, pesa ya bodaboda aitumie kushukia.

Mtihani mgumu, hasa kwa mafrateri, unakuja baadaye. Seminarini kuna jembe na mpira. Baada ya upadrisho kuna gari, na kila jumuiya ndogo ndogo inataka padre ale kwao. Kukataa chakula cha mtu aliyejinyima ili akukaribishe ni kumuumiza. Tulichojifunza ni kwamba mwenyeji haangalii sana ulichopakua mara ya kwanza, anaangalia kama umeongeza. Pakua kidogo, anza na mboga, kula polepole, halafu ongeza kijiko, na wote wamefurahi. Omba maji mapema kabla soda haijafunguliwa. Nanyi waamini mtusaidie: msimwekee mgeni sahani iliyojaa tayari.

Tuache pia kumwambia kila aliyepungua, "Umekonda, unaumwa?" Maneno hayo yana historia ya uchungu, tangu miaka ambayo wembamba ulitufanya tufikirie UKIMWI. Bado yanawarudisha watu kwenye unene. Lakini anayepungua bila kutaka, akikojoa mara kwa mara, akikohoa au akitokwa jasho usiku, asipongezwe. Aende hospitali apimwe sukari na kifua kikuu.

Asiye na mizani achukue uzi, apime urefu wake, aukunje katikati. Uzi huo uliokunjwa ukizunguka kiuno bila kuvuta, ni vizuri. Usipofika, kuna kazi, ingawa si kubwa kama inavyotisha. Jaribio lililotangazwa Marekani mwaka 2002 lilihusu watu waliokuwa karibu kupata kisukari. Walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi kama kutembea dakika 150 kwa juma, na kisukari kilipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo 6 na kidogo.

Ambaye tayari anatumia insulini au vidonge vya sukari aonane na daktari kabla hajapunguza chakula, kwa sababu dozi yake huenda ikahitaji kupunguzwa pia. Sukari ikishuka mno mtu hutetemeka, hutoka jasho na anaweza kuzimia njiani. Aweke pipi mfukoni anapopanda mlima.