Tuktuk na mguu wake wa mbele

Siku za Idi, jua likishapoa, barabara za Kizingo ziendazo Mama Ngina hujaa tuktuk. Akina mama na mabuibui yao, watoto na nguo zao mpya, wote wateremkia kwenye mibuyu, wakafuate mihogo ya kukaanga, madafu na upepo wa bahari. Macho ya watu huwa kwenye rangi za tuktuk hizo na maneno yaliyoandikwa migongoni mwao. Ni wachache mno wainamao kutazama kile kilichobeba amana ya roho zao, nacho ni lile tairi moja la mbele.

Chombo hiki kina nasaba yake. Kampuni ya Piaggio ya Italia ilianza kukiunda mwaka 1948, ikakiita Ape, maana yake nyuki. Baadaye Bajaj ya India ikakieneza, hata ndugu zetu wa Tanzania wakakiita bajaji. Umbo halikubadilika: magurudumu mawili nyuma, mbele gurudumu moja.

Tulinganishe na zile pikipiki za michezo za magurudumu manne, ambazo jamaa zetu walioko Ghuba huziona zikipanda vilima vya mchanga. Waundaji wake hawakuacha nafasi ya ubishi. Katika Yamaha Raptor 700, tairi la mbele lina upana wa inchi 7 na rimu ya inchi 10; la nyuma lina upana wa inchi 10 na rimu ya inchi 9. La mbele ni jembamba ili ligeuke upesi, la nyuma ni pana ili lisukume. Hata mtu akitaka kuyabadilisha, hayaingiliani.

Tuktuk haina kinga hiyo. Matairi yote matatu kwa kawaida ni ya kipimo kimoja, 4.00-8, yaani upana wa inchi 4 na rimu ya inchi 8. Hapo ndipo penye mtego. Mtu akiwa na matairi mawili mapya na moja kipara, hujiambia: mzigo uko nyuma, basi mapya yaende nyuma, na hili kuukuu limalizikie mbele.

Hesabu hiyo ni ya kuokoa mpira, si ya kuokoa watu. Nyuma, tairi moja likiteleza lina mwenzake. La mbele ni yatima. Ndilo lishikalo njia, na dereva akikanyaga breki, uzito hulisukumia huko huko mbele. Likipoteza mshiko kwenye kona, handeli haina kazi tena kuliko usukani wa dau lililopwelewa.

Na njia zetu hazisamehi. Upepo wa pwani humwaga mchanga juu ya lami. Matofali ya kabro ya Mji wa Kale huteleza yakilowa. Mvua za kwanza za masika huchanganyika na mafuta yaliyomwagika barabarani, zikafanya utelezi kama wa mlenda.

Basi tairi la mbele lichaguliwe vipi? Kwanza, litazamwe uso. Kwa lami, lililo bora ni lenye mifereji inayolizunguka, kwani hushika mstari na kutoa maji. Lenye meno makubwa yaliyokatika vipande ni la matope. Juu ya lami hutikisika na kuunguruma. Pili, uulizwe umri wake. Ubavuni huwa na tarakimu nne: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa juani miaka mingi hukauka na kupasuka nyufa ijapokuwa mifereji yake ni mizima. Tatu, ikiwa ni tairi la tyubu, tyubu yenye viraka isiingizwe katika tairi jipya. Nne, upepo upimwe kwa kipimo, kwa kadiri iliyoandikwa na waundaji, si kwa kulipiga teke. Ukizidi, tairi hurukaruka. Ukipungua, handeli huwa nzito na tairi hupata moto.

Lakini tatizo kubwa si ujuzi. Dereva aliona tairi mwenyewe, ila fedha ziko kwa mwenye chombo. Mwenye chombo angoja hesabu ya jioni, naye hajaliona tairi tangu mwezi uliopita. Baina yao yumo abiria, asiye na tairi wala fedha, ila ana nauli na roho yake. Wawili hao wangepatana mapema ni nani anunuaye matairi, na kila siku kikatengwa kidogo kwa kazi hiyo, ubishi ungekwisha kabla ya mpira.

Kutawakali ni jambo jema, lakini hakumwondolei mtu wajibu wa kukagua. Tairi bora kati ya matatu liende mbele. Nawe abiria, kabla hujapandisha watoto, inama utazame. Ukiona kipara, mwache apite, usubiri inayofuata.