Samaki anaumwa? Angalia maji kwanza



Mwezi wa saba uliopita, mama mmoja mfugaji alikuja kwangu na tilapia watano ndani ya beseni. Mgongoni walikuwa na kitu cheupe kama pamba. Akauliza: "Agronomu, niwape dawa gani?" Mimi nikamuuliza: wanakufa wangapi kwa siku, na ulifanya nini bwawani kabla ya hapo? Maswali haya mawili yanasaidia kuliko dawa nyingi za sokoni.

Wanakufaje?

*Asubuhi wote wako juu, wanafungua mdomo.* Jua likipanda wanatulia. Huu si ugonjwa. Hewa imepungua majini, juu usiku mimea ya maji nayo inaitumia. Simamisha chakula na mbolea, ingiza maji mapya.

*Wanakufa wengi mara moja, wakubwa kwa wadogo, hata vyura.* Hapa fikiria sumu. Sisi wa Likasi tuko karibu na migodi na viwanda vya shaba na kobalti. Usijaze bwawa kwa maji ya mto unaopokea uchafu wao. Funga mlango wa maji, ita agronomu. Samaki hao usile, usiuze.

*Wanakufa wawili, watatu kila siku.* Angalia mwili: pamba nyeupe, vidonda, tumbo kuvimba, macho kutoka nje, kujisugua ukingoni. Huo ndio ugonjwa.

Pamba nyeupe

Ni ukungu. Mara mingi haushambulii samaki mzima. Unaingia penye jeraha. Mwezi wa sita na wa saba usiku wetu ni baridi, tilapia anakula kidogo na nguvu inapungua. Yule mama alikuwa amevuta wavu siku nne nyuma ili ahesabu samaki. Wavu ulikwaruza ngozi, ukungu ukaingia.

Fanya hivi:

1. Toa wafu kila asubuhi, wazike mbali na bwawa.
2. Chukua ndoo ya lita 20 ya maji ya bwawa, koroga gramu 200 za chumvi ya jikoni mpaka iyeyuke.
3. Weka wagonjwa wachache humo, dakika 30 zisizidi. Usiondoke. Samaki akilala ubavu, mtoe haraka.
4. Kambale hana magamba: kwake gramu 100 zinatosha.
5. Punguza chakula. Usivute wavu tena mpaka joto lirudi.

Usitumie

Unga wa buluu, yaani sulfati ya shaba. Wanaofuga samaki wa bahari ndani ya sanduku la kioo wanatumia shaba kuua vijidudu, lakini wao wanapima maji kila siku. Bwawani sisi hatuna kipimo hicho, na shaba ikizidi kidogo tu inaua samaki wenyewe.

Tetrasiklini ya famasia pia hapana. Haiui ukungu, na inabaki ndani ya nyama ambayo watoto wetu watakula.

Kisha kuvuna

Kausha bwawa mpaka udongo upasuke. Mwaga chokaa hai, kilo 10 mpaka 15 kwa kila mita 100 za mraba. Mawe ya chokaa tunayo hapa hapa, Kakontwe. Funika macho na mikono, juu chokaa hii inaunguza. Ukijaza maji, ngoja wiki mbili mbele ya kuweka vifaranga. Na wavu wa jirani usiingie kwako kabla haujaoshwa na kukauka juani.

Yule mama alipoteza samaki kadhaa, lakini bwawa lilibaki. Mwezi wa tisa alivuna, akalipa masomo ya watoto. Kama angemwaga unga wa buluu, tungekuwa tunaongea mambo mengine.

Ukiona dalili hizi, usingoje mkutano wa mwezi. Andika siku, hesabu wafu, kisha uje utuone.