Mama alipochagua siku ya kuondoka

Kathleen Carter, ambaye watu wake walimwita Kay, alikuwa anaikaribia miaka 90 alipomwomba binti yake amsaidie kwenda kufa. Alikuwa akiishi katika nyumba ya kutunzia wazee karibu na Vancouver, Kanada. Mwaka 2008 madaktari walimgundua na ugonjwa wa kubanwa kwa mfereji wa uti wa mgongo, na kufikia Agosti 2009 maumivu yalikuwa hayamwachi, mambo madogo ya kila siku akiyafanya kwa msaada wa mhudumu. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Alisema hataki kumalizia uhai wake amelazwa kitandani kama ubao wa kupigia pasi.

Binti huyo, Lee Carter, na mumewe Hollis Johnson walijua wanachoombwa. Wakati ule sheria ya Kanada ilimpa kifungo cha hadi miaka 14 yeyote aliyemsaidia mtu kujiua, hata kama mtu huyo ni mama yake. Wakakubali. Maandalizi yalichukua miezi kadhaa na kugharimu takribani dola 32,000 za Kanada, na karibu yote yalifanywa kwa siri. Januari 2010 wakapanda ndege hadi Zurich, Uswisi, kwa shirika la Dignitas, kwa kuwa nchi hiyo inaruhusu jambo hilo hata kwa wageni. Tarehe 15 Kay akafariki, wanawe wakiwa pembeni ya kitanda. Barua aliyowaandikia jamaa na marafiki kuwaaga iliwafikia akiwa ameshakufa.

Hiyo barua inaniuma kuliko mengine yote. Mwanamke aliyeishi karibu karne nzima hakuweza kuwaaga majirani zake uso kwa uso, kwa sababu mmoja wao angeweza kupiga simu polisi na wanawe wakaishia mahabusu. Watoto nao walilazimika kumuuguza mama, kumpangia safari ya mwisho na kuwachekea watu kana kwamba hakuna kitu. Ukitaka kuichosha familia, ifungie kwenye siri ya namna hiyo kwa miezi.

Lee na mumewe waliporudi hawakunyamaza. Walikwenda mahakamani, wakiwa pamoja na Gloria Taylor, aliyekuwa akiugua ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaodhoofisha misuli na ambaye alifariki mwaka 2012 kabla ya kesi kwisha. Tarehe 6 Februari 2015 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwa sauti moja kwamba katazo lile linakiuka katiba. Juni 2016 bunge likapitisha sheria mpya ya kuwaruhusu wagonjwa kusaidiwa kufa, lakini ikadai kifo cha asili cha mgonjwa kiwe kinatarajiwa. Familia ya Carter ikapinga: kwa sharti hilo, walisema, hata Kay mwenyewe asingekubaliwa. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2021, na mabishano juu ya kuondolewa kwake, hasa kutoka kwa watu wenye ulemavu, hayajaisha. Mwaka 2023 watu 15,343 walikufa kwa njia hii nchini Kanada, karibu vifo vitano katika kila vifo mia moja.

Nyuma ya wengi wao kuna watoto. Sheria imewaondolea hofu ya jela. Mengine yote wamebaki nayo.

Sisi tumezoea mzazi anayehisi safari imekaribia awaite wanawe, awape wosia, awaambie nani anamdai na yeye anamdai nani, kisha wote waketi kungoja amri ya Mungu. Kanada kungoja huko kumebadilika sura. Daktari anauliza Jumanne au Alhamisi, asubuhi au mchana. Wajukuu wanakatiwa tiketi za ndege. Mtu anapika chakula cha jioni akijua ndicho cha mwisho mama atakachokula, na bado lazima aonje chumvi.

Halafu kuna fomu. Ombi huandikwa, na wataalamu wawili wasiofungamana huthibitisha kwamba mgonjwa anastahili. Linatakiwa pia shahidi mmoja, na shahidi huyo hawezi kuwa mtu anayejua ametajwa kwenye mirathi. Binti anayejua ametajwa humo hawezi kutia saini. Lakini tangu mwaka 2021 mhudumu anayelipwa kumwogesha na kumlisha mama huyo anaweza. Ndugu zetu wengi walioko ughaibuni hufanya kazi hiyohiyo katika nyumba za wazee, na naomba wanaosoma haya wajue kwamba sheria inaruhusu tu, haimlazimishi mtu kushuhudia. Kukataa si kosa.

Na mtoto au mwenzi asiyekubali? Hana kura. Mwaka 2020 huko Nova Scotia mwanamke mmoja mzee alikwenda mahakamani kumzuia mume wake wa miaka mingi. Mahakama ya rufani ikasema uamuzi wa nani anastahili ni wa madaktari na wauguzi waliopewa kazi hiyo, si wa majaji. Kisheria naielewa hoja hiyo. Kibinadamu, namfikiria mama huyo baada ya kumshtaki mumewe, siku zikihesabika.

Siandiki kuwashawishi watu wakubali. Waislamu na Wakatoliki wanajua dini zao zinasema nini, na Tanzania anayemsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa maisha. Mimi mwenyewe ningemsihi mama yangu aendelee kuishi, na ningetaka kwanza nihakikishe amepata mofini ya kutosha na tiba shufaa ya kweli, si paracetamol na pole. Lakini baada ya kumsihi ningetaka aniambie ukweli, tarehe na sababu, niweze kumjibu akiwa bado ananisikia.

Hapo ndipo naziona familia za kwetu zilizoko huko zikiingia kwenye siri ya Carter kwa mlango wa nyuma. Ontario cheti cha kifo huandikwa ugonjwa uliomfikisha mgonjwa kwenye ombi lake, kwa hiyo saratani inabaki saratani. Mtoto anaweza kuisafirisha maiti hadi kijijini, akasimama kwenye matanga, na kila shangazi anayemuuliza mama aliondokaje akajibiwa "ni kansa". Hajadanganya. Ila yeye peke yake ndiye aliyeijua siku ile wiki tatu kabla, na katika watu wote waliokuja kumpa pole hakuna anayeweza kumwuliza usiku wa kuamkia siku hiyo alilala vipi. Wachungaji, maimamu na wazee wa jumuiya zetu huko wanaweza kumsikiliza mtoto huyo bila kubariki alichochagua mama yake. Wamwulize leo, kabla hajaizoea hiyo siri.