Kitambi cha bia, wembamba wa miraa: Ulevi unavyokula lishe ya mfanyabiashara

KIGALI. Katika biashara ya mpakani, mwili wa mtu husomwa kama daftari lake la mauzo. Mwenye kitambi huambiwa mambo yamemnyookea, na aliyekonda huulizwa kama mtaji umekata au kama anaumwa. Linapokuja suala la pombe, miraa na sigara, usomaji huo hudanganya. Mtu anaweza kunenepa huku mwili wake ukikosa lishe, na mwingine akapungua kilo bila kupata afya yoyote.

Kwa wanaopitisha mizigo Gatuna, Rusumo, Kagitumba na Rubavu, jambo hili linagusa kazi moja kwa moja. Safari ni ndefu, milo haina saa maalumu, na mara nyingi chupa au majani ya kutafuna hupatikana kabla ya sahani ya chakula.

Kwa upande wa Rwanda, utafiti wa kitaifa kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa watu wanaokunywa pombe waliongezeka kutoka asilimia 41 mwaka 2013 hadi asilimia 48 mwaka 2022. Wizara ya Afya ilijibu kwa kampeni ya TunyweLess, inayowataka wananchi wapunguze unywaji.

Kalori tupu

Gramu moja ya pombe halisi ina kalori 7. Gramu moja ya wanga au protini ina 4. Kwa hiyo chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, kama zile zinazouzwa katika baa za Nyabugogo na Remera, hubeba karibu kalori 300. Chupa tatu ni karibu kalori 900, yaani karibu nusu ya mahitaji ya siku nzima ya watu wazima wengi, na hapo mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma bado havijahesabiwa.

Kalori hizo haziji na protini, chuma wala vitamini za kutosha. Mwili hauwezi kuihifadhi pombe, hivyo huanza kuichoma yenyewe, na mafuta ya chakula kilicholiwa pamoja nayo huwekwa akiba, hasa tumboni. Ndiyo maana kitambi huota hata kwa mtu anayeapa kwamba hali sana.

Kwa anayekunywa kupita kiasi kwa miaka mingi, upepo hubadilika. Pombe huunguza utando wa tumbo na utumbo, ikazuia mwili kufyonza vitamini B1 na asidi ya foliki, na ikaharibu ini na kongosho. Mlevi wa namna hii huacha kula, na nyama ya mikono na mapaja huyeyuka. Ukiona tumbo linajaa huku mikono ikikonda, usilichukulie kuwa ni unene. Huenda ni maji yanayokusanyika kwa sababu ini limechoka, na mtu huyo anahitaji daktari haraka. Ukosefu mkubwa wa vitamini B1 nao huvuruga kumbukumbu na mwendo wa miguu.

Wapo wanaoamini kuwa urwagwa au pombe ya mtama ni chakula kwa sababu hushibisha. Kushiba huko huchukua nafasi ya maharage, dagaa na mboga ambavyo mwili unavisubiri. Kanyanga ni hatari zaidi. Sheria ya Rwanda inaihesabu miongoni mwa dawa za kulevya, na gongo lolote lisilopimwa linaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua.

Barabarani bila njaa

Madereva na wasaidizi wao wanaotoka Mombasa au Dar es Salaam wanaijua miraa, ambayo Tanzania huitwa mirungi. Kenya ni zao halali la biashara. Tanzania ni dawa iliyopigwa marufuku. Mwilini haijali mpaka: huondoa usingizi, huua hamu ya kula, hupandisha shinikizo la damu na hufunga choo. Kilo zinazopungua hivyo hutokana na milo iliyorukwa, na misuli hupungua pamoja na mafuta.

Mara nyingi hufuata soda nyingi wakati wa kutafuna, kisha bia ili usingizi uje. Anayekunywa pombe tumbo likiwa tupu yuko hatarini zaidi, kwa sababu ini linaloshughulikia pombe hushindwa kutoa sukari ya akiba. Sukari ya damu ikishuka, dereva hutetemeka na kuchanganyikiwa akiwa nyuma ya usukani. Mwenye kisukari anayetumia dawa yuko karibu zaidi na ajali hiyo.

Sigara nayo hupunguza hamu ya kula. Wanaoiacha huongezeka kwa wastani wa kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, na wengine huirudia kwa kuogopa kunenepa. Madhara ya kuendelea kuvuta ni makubwa kuliko ya kilo hizo, ambazo zinaweza kudhibitiwa kwa matunda, maji na kutembea.

Sahani ya nyumbani

Hasara haimuishii mnywaji. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2019/20 ulikuta asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kudumaa kuna sababu nyingi, lakini faida ya mzigo inayobaki baa haiwezi kununua mayai wala maziwa. Kwa akina mama wafanyabiashara wenye ujauzito, hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Pa kuanzia

Mizani peke yake haitoshi. Pima pia kiuno: zaidi ya sentimita 102 kwa mwanamume au 88 kwa mwanamke ni dalili ya hatari. Kigali hupima bure shinikizo la damu, sukari na uzito katika siku za barabara zisizo na magari, zinazofanyika Jumapili mbili kila mwezi.

Kula kabla ya safari, na beba chakula kinachodumu: mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi, maji. Kama umezoea kunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka, usiache ghafla peke yako, kwani kifafa kinaweza kukupata. Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Hospitali ya Ndera ina kituo cha Icyizere huko Kicukiro kinachotibu waraibu, na Huye kuna kituo cha Isange. Aliyekonda sana baada ya muda mrefu bila kula naye asirudishiwe chakula kingi kwa mara moja. Mwili uliodhoofika unaweza kuzidiwa na mlo mkubwa wa ghafla, hivyo aanze kidogo kidogo chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya.

Kwa ushauri ukiwa Rwanda, namba ya bure ya afya ni 114.