Kibao Mdomoni: Azma ya Ibrahim Hamadtou

Katika mpira wa meza mikono ndiyo tegemeo la mchezaji: mmoja hushika kibao, wa pili hurusha mpira. Ibrahim Hamadtou wa Misri aliipoteza yote miwili katika ajali ya treni akiwa mtoto wa miaka 10. Hata hivyo, mwaka 2016 ulimwengu ulimshuhudia mjini Rio de Janeiro akishindana katika Paralimpiki, mashindano makubwa kabisa ya wanamichezo wenye ulemavu.

Safari yake haikuanza kwa maneno ya kutia moyo. Kijijini kwao vijana walicheza soka na mpira wa meza. Siku moja Ibrahim alikuwa mwamuzi baina ya marafiki zake wawili. Wakagombania pointi, alipompa mmoja wao, yule wa pili akamwambia asiingilie, kwani yeye hataweza kucheza kamwe. Kauli hiyo ilimchoma, nayo ikawa ndiyo iliyomsukuma kuingia mchezoni.

Kwanza alijaribu kukibana kibao kwapani, asifanikiwe. Akatafuta njia nyingine, hatimaye akakishika kwa meno. Mpira huuchota kwa vidole vya mguu, akaurusha juu, kisha akageuza kichwa na kuupiga. Kazi ya mkono imehamia shingoni, na kuizoea kulimgharimu miaka ya mazoezi.

Tusidanganyane: Rio alishindwa mechi zake zote mbili za mchezaji mmoja mmoja. Miaka mitano baadaye, akiwa na umri wa miaka 48, alikuwepo tena kwenye Paralimpiki ya Tokyo. Azma, basi, haimhakikishii mtu medali. Humzuia tu asiifanye njia ya kwanza iliyoshindikana kuwa ndiyo ya mwisho.

Wazazi wenzetu, katika nyumba zetu wamo watoto wenye ulemavu wanaofichwa vyumbani wageni wafikapo, tena kwa jina la huruma. Tunawahurumia hata tukawanyima nafasi ya kujaribu. Ibrahim alikuwa na meza, na wenzake wa kucheza nao. Je, mtoto wetu anavyo hivyo? Tumtoe nje akachanganyike na wenziwe, tumwache akosee na kubuni njia yake mwenyewe. Subira na bidii anaweza kuwa nazo tayari. Mahali pa kuzitumia ni sisi tunaopaswa kumpa.