Shukrani na Hesabu: Kazi za Mikono kwa Watoto wa Shule ya Msingi

Kila ifikapo Novemba, madarasa ya shule za msingi nchini Marekani hujaa karatasi za rangi, gundi na picha za batamzinga. Sikukuu ya Shukrani imekaribia. Mama aliyehamia huko kutoka Kongo, Burundi au Tanzania huletewa kazi hizo nyumbani, huzitazama, kisha huziweka kando. Hesabu nazo humwachia mtoto ahangaike peke yake, kwa kuwa zimeandikwa kwa Kiingereza. Pole pole mtoto huanza kuamini kwamba mama hana la kumfundisha. Mama mpendwa, hilo si jambo dogo katika nyumba. Lakini tatu na nne ni saba katika kila lugha, na mikono yako inaweza kufundisha.

Ijue sikukuu yenyewe

Mwaka 1620 merikebu iitwayo Mayflower ilileta abiria 102 kutoka Uingereza. Karibu nusu yao walikufa katika majira ya baridi ya kwanza. Miongoni mwao walikuwamo wanawake watu wazima 18. Mavuno ya mwaka 1621 yalipofika, walibaki 4 tu. Waliosalia, watu wapatao 50, walifanya karamu ya siku tatu pamoja na wanaume wapatao 90 wa kabila la Wampanoag, wenyeji wa nchi, ambao walileta paa watano.

Mweleze mtoto na upande wa pili. Wenyeji ndio waliowafundisha wageni kupanda mahindi, na baadaye walinyang'anywa ardhi yao. Tangu mwaka 1970 baadhi yao hukusanyika Plymouth siku hiyo kuomboleza. Kwa sababu hiyo, ni vizuri kuacha zile kofia za manyoya za kuigiza Wahindi Wekundu. Kazi nyingine ziko tele.

Na jambo hili litakufurahisha: aliyemwandikia Rais Lincoln akiomba sikukuu ya taifa zima alikuwa mwanamke, Sarah Josepha Hale, mjane aliyelea watoto watano na mhariri wa gazeti la wanawake. Alianza kuidai mwaka 1846, akafanikiwa mwaka 1863. Mwulize mtoto: alingoja miaka mingapi?

Batamzinga wa kiganja

Mtoto aweke kiganja juu ya karatasi na kukizungushia kalamu. Kidole gumba ni kichwa, vile vinne ni manyoya ya mkia. Kwenye tumbo aandike namba, tuseme 12. Kwenye kila unyoya aandike njia moja ya kuipata: 10 + 2, 6 + 6, 15 − 3, 3 × 4. Watoto sita wakichora, manyoya ni mangapi? Hapo wameanza jedwali la nne bila kulia.

Gunzi la mahindi

Tafuta hindi kavu lenye punje zake. Kwanza mtoto akisie idadi ya punje na aandike makisio yake. Kisha ahesabu mistari. Karibu kila mara atapata namba shufwa, na atashangaa. Ahesabu punje za mstari mmoja, halafu azidishe. Mistari 14 yenye punje 35 ni punje 490. Mwisho pukuchueni, mpange punje katika mafungu ya kumi kumi, na mafungu kumi yawe mia. Haba na haba hujaza kibaba. Punje hizo azibandike kwa gundi juu ya picha ya hindi. Ila mdogo wake asiachwe nazo peke yake, asije akaziingiza puani.

Mnyororo wa shukrani

Kata vipande vya karatasi. Kila siku mtoto aandike jambo moja la kushukuru, akiunganishe kipande na kilichotangulia. Tangu sheria ya mwaka 1941, sikukuu ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Mwulize: inaweza kuangukia tarehe zipi? Alhamisi ya kwanza haizidi tarehe 7. Ongeza wiki tatu, yaani siku 21. Basi sikukuu haitangulii tarehe 22 wala haipiti tarehe 28.

Jikoni

Batamzinga aliyegandishwa huyeyushwa ndani ya jokofu, kama saa 24 kwa kila ratili 4 au 5. Akiwa na ratili 16, gawa kwa 4: siku nne. Mtoto mwenyewe atakuambia kwamba lazima atolewe kwenye friza siku ya Jumapili. Pai ya boga nayo aikate mwenyewe: nusu, robo, kisha vipande vinane. Sehemu zilizomtoa jasho ubaoni atazielewa kwa kisu na sahani.

Mwalimu akiwaalika wazazi darasani, usikae nyuma. Nenda na hindi lako. Wahesabie watoto moja hadi kumi kwa Kiswahili, nao wakufuatishe. Mtoto wako atakuona umesimama mbele ya wenzake, ukifundisha.

Na jioni ya sikukuu, kabla ya chakula, mtoto asome mnyororo wake kipande kwa kipande. Na wewe, mama, uwe na kipande chako humo. Kiandike kwa Kiswahili.