Muhogo Mchungu na Hoja ya Vyakula vya Asili

Imeenea siku hizi, barazani na sokoni, itikadi ya kwamba chakula kilichotoka shambani moja kwa moja ndicho chenye siha, na kwamba kikiisha kupita kinuni au mtamboni kimekwisha haribika. Nami, kwa kuwa wanaoishika itikadi hiyo wana nia njema, nataka kuipima kwa chakula ambacho hapana nyumba ya pwani hii, tangu Moa hata Pangani, isiyokijua, nacho ni muhogo.

Muhogo mchungu ni wa asili kama chochote kiotacho ardhini, ilhali ndani yake mna linamarini, ambayo muhogo ukipondwa au ukitafunwa hukutana na kimeng'enya chake ikatoa sumu ya sianidi. Ndiyo maana mpishi ajuaye kazi yake huumenya, akauloweka siku kadhaa hata ukalainika na kuchachuka, akaukamua, akauanika mpaka makopa yakakauka kabisa, ndipo akatwanga na kuchekecha unga wa bada. Na katika kila hatua ya hizo sumu hutoka, nyingine kwa maji, nyingine kwa hewa. Kazi hiyo ikifupishwa, madhara yake ni mazito. Wilayani Tarime mwaka 1985, ukame ulipobakisha muhogo mchungu peke yake na njaa ikawanyima watu subira ya kungoja, walitokea waliopooza miguu ghafula, aghalabu wanawake na watoto, kwa maradhi yasiyopona ambayo tabibu Trolli alikwisha yaeleza huko Kongo mwaka 1938, yaitwayo konzo.

Hata chumvi ya bahari, ivunwayo mashambani Mkinga, kwa asili yake ina iodini haba mno, wala haimkingi mtu na rovu mpaka itiwe.

Lakini wenye itikadi ile wana haki mahali pamoja, tena pakubwa. Katika jaribio la mtafiti Kevin Hall, lililotangazwa Marekani mwaka 2019, watu 20 walilishwa wiki 2 vyakula vilivyoundwa viwandani na wiki 2 vile visivyosindikwa, milo yote ikiwa imelinganishwa sukari, mafuta na chumvi, wakaachiwa wale kadiri wapendavyo. Na kwa vile vya viwandani walizidisha takriban kalori 500 kila siku, wakanenepa. Basi soda na biskuti anazofungiwa mtoto aendapo skuli haziwezi kutetewa kwa hoja ya muhogo, maana usindikaji wake haukuondoa sumu yoyote, bali umemfanya mlaji apitilize shibe yake pasipo kujua.